Protoni ni nzito kuliko elektroni mara ngapi? Namna ya kupiga hesabu

Anza kwa kuweka chembe zote kwenye kipimo kimoja. Kwa kilogramu, tungamo zake ni hizi:

Elektroni: 9.1094 × 10⁻³¹
Protoni: 1.672622 × 10⁻²⁷
Nyutroni: 1.674927 × 10⁻²⁷

Tazama kipeo (namba ndogo iliyo juu ya 10) kabla ya tarakimu. Wengi wakiona 9.1 na 1.67 huipa elektroni ushindi, kumbe hasi 31 iko chini ya hasi 27.

Sasa gawanya. 1.6726 ÷ 9.1094 ni 0.18361. Vipeo unavitoa: −27 − (−31) = 4. Kwa hiyo 0.18361 × 10⁴, yaani 1836. Ukiacha mabano utapata −58, na jibu halitakuwa na maana.

Kwenye kalkuleta tumia kitufe cha EXP au ×10ˣ. Ukiandika alama ya kuzidisha, kisha 10, kisha kipeo, mashine itagawanya kwa 9.1094 peke yake halafu izidishe kwa 10⁻³¹. Itakuletea 1.836 × 10⁻⁵⁹. Tarakimu ni zilezile, ndiyo maana kosa hili hupita bila kuonekana.

Kwa mtu wa Tanga, chukua robota la katani la kilo 250 liwe protoni: elektroni ni chenza la gramu 136. Nyutroni ni robota hilohilo likiwa limezidi gramu 345 hivi.

Hizo gramu 345 ndizo zinazosumbua. Kwa kugawanya, tarakimu tatu zinatosha. Kwa kutoa, hazitoshi kabisa. Ukikadiria protoni na nyutroni zote kuwa 1.67, tofauti ni sifuri. Ukitumia 1.673 na 1.675, unapata tofauti sawa na tungamo la elektroni 2.2. Ukibakiza desimali zote sita, 1.674927 − 1.672622 = 0.002305, yaani 2.305 × 10⁻³⁰ kg. Gawanya kwa tungamo la elektroni upate 2.53, ambalo ndilo jibu sahihi. Usikadirie mpaka umalize kutoa.

Tofauti hiyo si ya kupuuza. Kwa MeV, kipimo cha nishati ambacho hupimia pia tungamo la chembe, nyutroni ni 939.565, protoni 938.272, elektroni 0.511. Nyutroni ikiwa peke yake nje ya kiini cha atomi huvunjika, kwa wastani baada ya kama dakika 15, ikawa protoni, elektroni na antinyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji), kwa sababu tungamo lake linatosha kuzilipia na kubakiza MeV 0.782. Protoni iliyo peke yake haiwezi kufanya kinyume chake. Haina cha kulipia.

Tahadhari moja: usijumlishe chembe ukidhani umepata tungamo la kiini. Protoni mbili na nyutroni mbili ni u 4.0319 (u ni kizio cha tungamo la atomi), lakini kiini cha heli ni 4.0015. Hiyo 0.0304 iliyopungua ni nishati ya MeV 28.3 iliyotoka chembe zilipofungamana.