Kabla hujanunua dawa ya "nano" kwa ajili ya nyanya za Lushoto

Masika yakikolea Lushoto, umande ukakaa majanini hadi saa nne asubuhi, bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani ya nyanya, haiko mbali. Kimelea chake, Phytophthora, kwa kweli si kuvu halisi, ila dawa za shaba humzuia vilevile. Ndiyo maana wakulima wanauliza kuhusu shaba ya nano, yaani shaba yenye chembe ndogo mno.

Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele una unene wa takriban nanomita 80,000, na chembe za nano kwa kawaida hazizidi 100. Shaba yenyewe si ngeni. Wafaransa wa Bordeaux waliichanganya na chokaa kwenye mizabibu tangu miaka ya 1880. Kilichobadilika ni ukubwa wa chembe. Bonge la chokaa halipaki ukuta, lakini lisage uone linavyoenea. Vivyo hivyo, shaba kidogo inaweza kufunika jani zima na kulishika vizuri.

Faida kubwa naiona kwenye udongo. Shaba haiozi, hujikusanya msimu hadi msimu na kudhuru minyoo. Tukitumia kidogo, shamba linapata nafuu. Watafiti wanajaribu pia chitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ili ibebe dawa na kuiachia polepole.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii bado iko kwenye majaribio, na neno "nano" kwenye chupa si ushahidi wa chochote. Tafuta namba ya usajili ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na lebo itaje zao lako na ugonjwa wako. Muuza pembejeo akishindwa kukuonyesha, ondoka na hela yako.

Ukipata iliyosajiliwa, fuata kipimo cha lebo. Usiichanganye kiholela na busta (mbolea ya kupulizia majani), kwani chembe zikigandana zinazama chini ya bomba nawe unapuliza maji. Shaba ni kinga tu, haiponyi jani lililokwisha kuungua, hivyo itangulie ugonjwa, ifike na chini ya majani. Kitambaa mdomoni hakizuii chembe ndogo hivyo: vaa barakoa ya kupulizia dawa, miwani na glovu.

Miche iliyougua ing'oe uifukie. Na usipande nyanya ubavuni mwa viazi mviringo, maana ugonjwa wao ni huo huo mmoja.