Kupanga nyumba Dubai kwa muda mrefu: karatasi kwanza, hela baadaye

Ukifika Dubai kwa kazi isiyo na malazi ya kampuni unaanza kutafuta pa kulala siku hiyo hiyo, na ukiulizia tu kwenye grupu la wasap ndani ya dakika mbili umeshajibiwa, "Dada chumba kipo, tuma nusu nikushikie." Hela nyingi za ndugu zetu zinapotelea hapo hapo, na inauma zaidi kwa sababu aliyeandika hivyo mara nyingi ni mtu wa kwetu anayeongea Kiswahili vizuri tu. Nawaandikia hasa wale wanaotaka kukaa mwaka na kuendelea, wawe na kontrakti kwa majina yao, walete mke au mume na watoto, wasije wakaamshwa usiku wakaambiwa toeni vitu. Dubai nyumba inakuwa yako pale inaposajiliwa Ejari, ndo mfumo wa serikali wa kusajili mikataba ya kupanga. Ufunguo mkononi bila Ejari haukusaidii kitu siku mambo yakiharibika.

Miezi ya mwanzo

Usikimbilie kontrakti ya mwaka wiki ya kwanza, na hata ukitaka itakuwa ngumu, maana utaombwa viza ya ukaazi, Emirates ID (kitambulisho cha mkaazi) na cheki buku, na hivyo vyote vinachukua muda kutoka. Kwa hiyo wengi wanaanzia bedi spesi, yaani kitanda kimoja kwenye chumba mnacholala watu wanne, sita au zaidi. Deira ndo zimejaa, Naif, Baniyas, Al Rigga, halafu ng'ambo ya pili ya Khor, ule mkono wa bahari unaokata jiji, kuna Satwa na Karama. Bei inacheza kama dirham 600 mpaka elfu na kidogo kwa mwezi, mara nyingi umeme, maji na intaneti vimo humo humo.

Kabla hujatoa hata dirham moja inua godoro. Angalia mshono wa pembeni na pale vyuma vya kitanda vinapoungana, mulika na tochi ya simu, ukiona vidoti vyeusi vyeusi kama wino wa peni umedondoka basi hao ni kunguni, usianze kujadiliana bei, ondoka. Kunguni wanahama na wewe kwenye begi mpaka nyumba ijayo.

Kuna na patisheni, sebule au chumba kilichokatwa kwa mbao au jipsam mtu anapata kamlango kake. Naelewa kabisa kwa nini watu wanazipenda, umetoka zamu ya masaa 12 unataka ufunge mlango ulale. Lakini kukata chumba bila kibali cha Manispaa ni kosa, na mwaka 2025 Manispaa ya Dubai ilifanya msako maeneo ya Al Rigga, Muraqqabat, Satwa, Al Barsha na Al Raffa, patisheni zikabomolewa, watu wakabaki na mabegi wakitafuta pengine. Halafu Sheria namba 26 ya 2007 inasema mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine mpaka mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na yule unayemlipa kitanda mara nyingi ni mpangaji kama wewe, mwenye nyumba hata hajui kama upo. Kwa hiyo sehemu kama hizi lipa mwezi kwa mwezi, dai risiti, na usimpe mtu miezi mitatu mbele hata akikupunguzia.

Piga hesabu ya kuingia, sio ya kodi tu

Hapa ndo watu wanashtuka. Kodi Dubai inatajwa kwa mwaka, na inalipwa kwa cheki unazoandika mapema zenye tarehe za mbele, cheki moja, mbili, nne, sita, wengine 12. Cheki zikiwa chache ndo bei inashuka kwa sababu mwenye nyumba anapata hela yake mapema.

Chukua mfano studio ya dirham 60,000 kwa mwaka, cheki nne. Cheki ya kwanza 15,000. Dipoziti kwa mazoea ni asilimia 5 nyumba ikiwa tupu, hiyo 3,000, na ikiwa na fenicha ni asilimia 10. Dalali naye kwa kawaida asilimia 5, 3,000 nyingine, na VAT yake 150. DEWA, ndo shirika la umeme na maji, wanataka dipoziti 2,000 kwa apatimenti, na 4,000 kwa vila. Ejari ni mia mbili na kitu ukienda kituo cha kuchapa, zile ofisi zinazokujazia fomu za serikali. Yaani kabla hujanunua hata sufuria zimeshaondoka zaidi ya dirham 23,000. Halafu kila mwezi kwenye bili ya DEWA kuna ada ya nyumba ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka imegawanywa kwa 12, kwa mfano wetu ni 250 kila mwezi, na hii haimo kwenye kodi uliyotajiwa.

Ukilipwa mshahara kwa ile kadi tu bila akaunti ya benki huna cheki buku, basi mapema kabisa fungua akaunti inayokubali mshahara wako. Na cheki usizichukulie poa. Tangu Januari 2022 cheki kurudi kwa kukosa pesa sio jinai kama zamani, lakini aliyeishika anaenda nayo moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama, akaunti inaweza kushikwa na wewe ukazuiwa kusafiri, sasa fikiria una msiba nyumbani na airport wanakurudisha. Andika cheki kwa tarehe za siku chache baada ya mshahara kuingia, mwombe hivyo mwenye nyumba, wengi wanakubali.

Kutafuta na kukagua

Ingia Bayut, Property Finder na Dubizzle, ndo tovuti za matangazo ya nyumba, na tangazo lolote la dalali angalia kama lina namba ya kibali na QR kodi ya Idara ya Ardhi, uiskani uone kama nyumba inayotokea ni hiyo hiyo. Bei ikiwa chini sana kuliko majengo ya jirani usijiambie umebahatika, jiulize kwa nini. Njia nyingine ambayo watu wanaidharau ni kutembea kwa miguu mtaa unaoutaka jioni, na kuongea na mlinzi wa jengo, kule wanamwita natur. Natur anajua nani anahama mwezi ujao, lifti inaharibika mara ngapi, na kama jengo linapokea mabachela au familia tu, hilo la familia tu uliulize mapema maana unaweza kukataliwa siku ya kusaini.

Eneo chagua kwa kazi yako. Kama huna gari kaa karibu na metro, Al Qusais na Al Nahda ziko kwenye Green Line, Discovery Gardens ina kituo chake tangu 2021. International City ni nafuu ila hakuna metro, ni basi. Sharjah, emireti ya jirani, ni rahisi zaidi na watu wengi wa kwetu wanakaa huko, lakini asubuhi foleni ya kuingia Dubai inakula masaa yako, na sheria zake za kupanga ni za kwake, haya ya Ejari hayahusiani nako.

Nyumba kaione mchana jua likiwa kali. Washa AC ikae dakika 20 uone kama inapoza kweli, fungua bomba la jikoni na shawa kwa pamoja uone presha, fungua kabati la chini ya sinki ndo mende wanajificha. Uliza ubaridi unalipiwaje, majengo mengine umo kwenye kodi, mengine unatoka kwenye umeme wako wa DEWA, na mengine kuna kampuni ya ubaridi kama Empower yenye dipoziti na bili yake tofauti, Julai na Agosti hiyo bili inauma.

Siku ya kusaini

Hii sehemu soma polepole. Unataka mezani hati ya umiliki, nakala ya paspoti au Emirates ID ya mwenye nyumba, na kadi ya dalali ya RERA, ndo mamlaka inayosimamia madalali na upangaji. Weka hati na paspoti sambamba, jina moja baada ya jingine, herufi kwa herufi, namba ya nyumba kwenye hati iwe ile iliyoandikwa mlangoni. Kisha ndo uandike cheki, na jina unaloandika kwenye cheki za kodi ni lile lile la kwenye hati, sio la dalali, sio la "kaka yake". Kama anayesaini ni mtu mwingine awe na hati ya uwakilishi iliyopita kwa notari, yaani mthibitishaji rasmi wa hati, na kama ni kampuni inayosimamia ionyeshe mkataba wake na mwenye nyumba. Dalali akikuharakisha, "kuna mteja mwingine anakuja saa kumi," mwache huyo mteja aje. Hati unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye Dubai REST, apu ya Idara ya Ardhi.

Kwenye kontrakti soma matengenezo nani analipa, kisheria ni mwenye nyumba mpaka mkubaliane vinginevyo, na soma ukitaka kuondoka kabla ya mwaka unatozwa nini, wengi wanaandika kodi ya miezi miwili, jaribu kuishusha kabla ya kusaini maana ukishasaini imeisha. Kisha sajili Ejari mara moja, bila hiyo DEWA hawakuwashii umeme, na viza ya familia wataiomba. Mnaokaa wawili watatu, wengine waandikwe kama wakaazi kwenye Dubai REST.

Siku unayopewa ufunguo piga video nyumba nzima, kila doa la ukuta, kila kigae kilichopasuka, umtumie mwenye nyumba kwa imeili ili tarehe ibaki.

Akitaka kupandisha au kukutoa

Hawezi kupandisha kodi anavyojisikia. Kutaka kubadilisha masharti anatakiwa akupe taarifa siku 90 kabla ya kontrakti kuisha, na Amri namba 43 ya 2013 inapima kodi yako na wastani wa soko. Kama uko chini kwa asilimia 10 au pungufu hapandishi kitu, 11 mpaka 20 anapandisha mwisho asilimia 5, 21 mpaka 30 mwisho 10, 31 mpaka 40 mwisho 15, zaidi ya hapo mwisho 20. Kikokotoo kipo kwenye Dubai REST, kipigie picha umtumie. Akisema anauza au anataka kukaa mwenyewe, anakupa notisi ya miezi 12 kupitia notari au barua ya posta iliyosajiliwa, ujumbe wa wasap sio notisi. Na hata mkigombana vipi haruhusiwi kukukatia maji au umeme. Lakini na wewe ukikaa siku 30 hujalipa baada ya kupewa notisi, sheria inamruhusu kudai utoke.

Ikishindikana nenda Kituo cha Migogoro ya Kodi pale Deira, ada ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, isipungue 500 na isizidi 20,000, Ejari ndo watakayokuuliza kwanza. Wakati wa kuhama toa ile video ya siku ya kwanza, funga DEWA upate bili ya mwisho na dipoziti yako, hakikisha Ejari imefutwa ili mwingine aweze kusajili, na dipoziti ya nyumba idai kwa maandishi. Uchakavu wa kawaida wa rangi ya ukuta baada ya mwaka sio deni lako.