SOMO: Kuwapongeza wanafunzi wa sanaa shuleni (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, msimu wa mahafali ukikaribia tu, meseji ni zile zile: "Mwalimu, tunataka kuwapongeza watoto wa sanaa, tuanzie wapi?" Naandika mara moja, mtumiane wenyewe.

1. Omba tarehe kwa mkuu wa shule mapema, isigongane na mitihani.

2. Kusanya kazi: michoro, vinyago, vikapu, mashairi.

3. Tundika. Selotepu hapana, inabandua rangi ya ukuta. Funga kamba, tumia vibanio vya nguo. Picha za mtindo wa Tingatinga zilizopakwa rangi ya mafuta ziachwe zikauke siku kadhaa, na usizipange moja juu ya nyingine, zitagandana.

4. Chini ya kila kazi weka jina kamili, kidato na vifaa vilivyotumika. Tahajia ya jina muulize mtoto mwenyewe.

5. RATIBA. Hapa ndipo shughuli nyingi zinapoharibika. Utakuta imeandikwa "Burudani: ngoma" saa tatu asubuhi, mgeni rasmi bado yuko njiani. Watoto wanawachezea wapishi na viti vitupu. Mgeni akichelewa, cha kwanza kukatwa ni hiyo hiyo burudani, hotuba zinabaki zote. Halafu aliyeongoza Hisabati anaitwa jina, anapigiwa vigelegele, anapewa beseni na madaftari. Aliyeongoza ngoma anaambiwa "asanteni kwa kutuchangamsha". Kama sanaa ni taaluma, ikae palipo na taaluma: baada ya risala, kabla ya zawadi, na kila mchezaji atajwe kwa jina kwenye maikrofoni. Mgeni apitishwe kwenye maonyesho KABLA hajaketi; akishakula harudi huko. Tahadhari: MC apewe majina kwa maandishi. Njuga zisivaliwe mpaka gari la mgeni liingie getini. Ngoma zisikazwe kwa moto mapema, zitalegea kabla ya zamu yenu. Na ukiambiwa "mtacheza wakati wa chakula", kataa kwa adabu, lakini kataa.

6. Cheti kitaje alichofanya mtoto. "Ameshiriki kikamilifu" hata aliyebeba viti anaandikiwa. Andika "Mpiga ngoma kiongozi, sindimba".

MASWALI

Chaki Nyeupe: Mkuu, ngoma tuiweke saa ngapi?
— Hatua ya 5. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

Baba Wawili: Muda wote huo wa nini? Wapeni kalamu yatoshe. Sanaa hailipi.
— Edward Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wenye jina lake, aliuza picha zake pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, miaka michache tu, akafariki 1972. Leo kuna watu wanalipa ada za watoto wao kwa mtindo ule. Kalamu tutawapa pia.

Mwalimu wa Msingi: Samahani mwalimu, siku ya mawingu ngoma zetu hazilii kabisa. Tufanyeje?
— Swali zuri. Ngozi inanyonya unyevu, inalegea. Washa nyasi kavu au makuti, moto mdogo wa haraka. Elekeza ngozi kwenye joto, isiguse ndimi za moto, na uzungushe ili joto lienee. Gonga mara kwa mara kwa vidole. Sauti ikipanda na kuwa kavu, ondoa hapo hapo, ukizidisha inapasuka. Anza na ngoma kubwa, ndogo iwe ya mwisho kwa sababu inashika joto upesi. Mwache mpigaji mwenyewe akaze, yeye ndiye anaijua sauti yake.

Mama Mlezi: Picha za watoto naruhusiwa kurusha kwenye ukurasa wa shule?
— Pata ridhaa ya mzazi kwanza, dada. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tuma fomu pamoja na barua ya mwaliko, zitarudi kwa pamoja.

Chaki Nyeupe: Na kwaya je, saa ngapi?
— Hatua ya 5, ndugu yangu.

Mwalimu wa Msingi: Asante sana. Njuga hatuna na bajeti imeisha.
— Vizibo vya soda. Vigonge viwe bapa, kunja kingo zake ndani, toboa kwa msumari, pitisha waya vitatu vitatu. Shona kwenye kitambaa kizito cha gunia, mtoto afunge juu ya soksi. Ukiacha kingo wazi, zitawachana miguu kabla ya wimbo wa pili.