Kabla Hujasimama Kueleza Vita na Amani Mbele ya Watu wa Kisumu

Mara ya kwanza nilipoalikwa kuzungumzia nadharia za vita katika ukumbi mdogo hapa Kisumu, nilianza na Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale. Kwa dakika ishirini nikaeleza jinsi Mgiriki huyo alivyoona kwamba kilichowasha vita vya mwaka 431 kabla ya Kristo ni kukua kwa nguvu za Athens na hofu iliyowaingia watu wa Sparta. Nilidhani nimejiandaa. Nilipomaliza, mzee mmoja mvuvi aliyekaa karibu na dirisha, kofia mkononi, akainuka taratibu na kuuliza, "Mwalimu, huyo Mgiriki wako anasemaje, Migingo ni ya nani?" Watu wakaangua kicheko. Nikapekua karatasi zangu, jibu halikuwemo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ameombwa kutoa mada kama hii, awe mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa historia au kiongozi wa vijana, humshauri atafute kwanza ugomvi mmoja ambao wasikilizaji wake wanaujua, kisha ndipo afungue kitabu. Aujue kwa vipimo na tarehe. Ukichagua Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, ujue ni mwamba wa takriban mita mraba 2,000, haufiki hata nusu ya uwanja wa mpira, uliofunikwa kwa vibanda vya mabati. Ujue pia kwamba watu hawagombanii mawe, wanagombania samaki, mbuta walio katika maji yanayouzunguka. Polisi wa Uganda walipiga hema pale mwaka 2004. Mwaka 2009 mambo yalipochacha, vijana wa Kibera jijini Nairobi, mbali kabisa na ziwa, waling'oa reli inayopeleka mizigo Uganda, na Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Kauli hiyo peke yake inatosha kuzungumziwa saa nzima, kwa sababu mvuvi hali jiwe.

Kisha uamue unatafuta chanzo cha vita katika ngazi gani. Hapa ndipo wengi huteleza, nami niliteleza. Kenneth Waltz, mwananadharia Mmarekani wa uhusiano wa mataifa, alizigawa ngazi hizo mwaka 1959 kuwa tatu: binadamu mwenyewe, dola kwa ndani, na mfumo wa dola zote kwa pamoja. Inasikika kama mambo ya ubaoni mpaka uipime kwa kisa cha nyumbani. Februari 1976 Idi Amin, aliyekuwa akitawala Uganda, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ardhi ya Uganda. Hakuyatoa hewani: hadi mwaka 1902 Kisumu hii tunayoishi, na Naivasha pia, zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kabla Waingereza hawajausogeza mpaka kwa kalamu. Sasa waulize wasikilizaji tatizo lilikuwa nini. Atakayesema tatizo ni Amin, tabia yake na tamaa yake, yuko ngazi ya kwanza, na dawa yake ni kumwondoa mtu. Atakayesema ni serikali ya kijeshi ambayo uchumi umeishinda, inayotafuta adui wa nje ili wananchi wasahau foleni za sukari, yuko ngazi ya pili. Dawa yake ni kubadilisha utawala. Wa tatu atasema hata kiongozi mpole angeweza kuingia mtegoni, kwa kuwa juu ya Nairobi na Kampala hakuna hakimu ambaye wote wawili wanalazimika kumtii. Huyo wa tatu ndiye Waltz mwenyewe angemkubali zaidi. Mimi binafsi naona ngazi ya pili ndiyo inayoeleza mengi kuhusu mwaka ule, lakini sianzi kwa kulisema hilo ukumbini, maana mjadala hufa papo hapo.

Usiende ukiwa na nadharia moja mfukoni. Watu wa uhalisia, wanaoamini kwamba dola huongozwa na nguvu na hofu, watakufaa kueleza mtanziko wa usalama, ambao John Herz aliuandikia mwaka 1950: unajihami, jirani anaona unajiandaa kumshambulia, naye anajihami zaidi. Ziwani jambo hili halihitaji ubao. Upande mmoja unaleta boti ya doria kulinda wavuvi wake, upande wa pili unaleta mbili, na kila mmoja anaapa kwamba hakuanza yeye. Uzuri wa wazo hili ni kwamba halihitaji mtu mbaya hata mmoja.

Wale wa uliberali, wanaoamini kwamba taasisi na ushirikiano huzuia vita, watakujibu kwa Kant, mwanafalsafa Mjerumani ambaye mwaka 1795 aliweka matumaini yake katika serikali za kijamhuri, muungano wa dola huru na ukarimu kwa wageni. Biashara nayo aliigusia, wafuasi wake wakaikuza baadaye, na hapo uwe mwangalifu. Watu wetu hupenda sana kusema kwamba wanaouziana hawapigani. Mwaka 1976 mizigo ya Uganda ilipita Mombasa, na utegemezi huo ulichangia kumfanya Amin alegeze kamba. Ni kweli. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, yenye reli moja na shirika moja la ndege, ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata Uganda na Tanzania zikaingia vitani. Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulianza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000, ina Kenya na Uganda ndani yake, na bado mwamba ule uliwatoa jasho. Biashara ni kamba: inafunga mzigo, na inaweza kumkaba mtu.

Kuhusu wanaosema uadui hujengwa kwa maneno na mazoea, utapata mfano bila kutoka ukumbini. Sikiliza tu jinsi watu wanavyosema "maji yetu".

Sasa jambo zito. Usichanganye vita vya dola na ghasia za ndani, hasa Kisumu na Nakuru. Kuna atakayekutajia ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, na atakuwa na haki. Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na katika ukumbi wowote wa mji huu anaweza kuwepo mama aliyemzika mmoja wao. Nadharia za mizania ya nguvu, yaani jinsi dola zinavyosawazishana nguvu, hazikuandikwa kwa ajili ya huyo mama. Hapa mtumie Johan Galtung, Mnorwe aliyetenganisha amani hasi, yaani silaha zimenyamaza, na amani chanya, yaani dhuluma iliyozaa ghasia imeondolewa. Tarehe 28 Februari 2008 makubaliano ya viongozi waliogombana yalitiwa saini mbele ya msuluhishi, Kofi Annan, na panga zikarudi ndani. Waliokuwa wamelala katika mahema ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru hawakurudi makwao jioni hiyo. Tofauti ya amani hizo mbili imo humo, huna haja ya kuongeza. Usitaje makabila kana kwamba ni majeshi, wala usimwombe mtu atoe ushuhuda ambao hakujitolea kuutoa.

Kama muda unaruhusu, soma pia juu ya mazungumzo ya Sudan. Tangu Septemba 2003 John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, walikaa uso kwa uso Naivasha, kaunti ya Nakuru, chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, hadi mkataba ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wanaosema vita huisha pale pande zote mbili zinapochoka na kuona hakuna ushindi mbele hupenda mfano huu. Waulize basi kuhusu Darfur, magharibi mwa Sudan, iliyokuwa ikiungua wakati huohuo bila kiti mezani, na kuhusu Sudan Kusini iliyopata uhuru Julai 2011 na kuingia vitani Desemba 2013.

Mambo madogo: chapisha ramani kwenye karatasi kubwa, kwa sababu stima hupotea. Tafuta mtu wa kutafsiri Kidholuo kwa wazee. Kila istilahi, ijaribu kwanza kwa jirani yako. Akikunja uso, ibadilishe. Hotuba isizidi dakika thelathini.

Na ubebe daftari la maswali yaliyokushinda. La mzee yule liko ukurasa wa kwanza wa langu. Nilirudi ukumbini miezi kadhaa baadaye na jibu: kwa maelezo ya mpaka ya mwaka 1926, jiwe liko upande wa Kenya, na mstari unapita takriban nusu kilomita magharibi yake. Mzee akaitazama ramani, akapima nusu kilomita ile kwa ukucha wa kidole gumba. "Sawa," akasema. "Na wavu ukisukumwa na upepo?"