Jinsi ya kukadiria iwapo kiuatilifu kitafika kwenye maji ya chini ya ardhi

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyofanya na mwenzangu aliyetaka kujua kama atrazini aliyoipulizia magugu ingeweza kufika kisimani. Tulianza kwa karatasi na kalamu, na hata sasa nashauri hivyo kabla ya kugusa programu yoyote, kwa kuwa programu huficha makosa ya mwanzo.

Hatua ya 1: Linganisha viuatilifu. Tafuta nusu-maisha, yaani siku zinazopita hadi nusu ya kiuatilifu ioze, pamoja na Koc, kipimo cha jinsi kinavyong'ang'ania kaboni ya mboji. Kanuni ya Gustafson ya mwaka 1989 huzidisha logi (ya msingi wa 10) ya nusu-maisha kwa tofauti ya 4 na logi ya Koc. Kwa atrazini yenye siku 60 na Koc 100 tunapata 3.56. Jibu linalozidi 2.8 ni la kiuatilifu kinachopenya kwa urahisi, na lililo chini ya 1.8 ni la kile kinachobaki juu.

Hatua ya 2: Chukua sampuli za udongo kila sentimita 30 kwa kekee ya mkono, wala usichanganye za vina tofauti.

Hatua ya 3: Kokotoa mwendo. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili, kwa sababu cheti cha maabara kiliandika mboji nami nikaichukua kuwa ni kaboni. Gawanya asilimia ya mboji kwa 1.72 kwanza: udongo wenye mboji asilimia 0.86 una kaboni asilimia 0.5 tu. Zidisha Koc 100 kwa 0.005 upate 0.5, ambayo ndiyo nguvu ya udongo wenyewe kukishika kiuatilifu, kwa lita kwa kilo. Usiposahihisha kosa hilo, udongo utaonekana unashika dawa kuliko unavyoweza, na kosa litaelemea upande wa kukufariji. Sasa zidisha 0.5 kwa uzito wa udongo mkavu, tuseme kilo 1.5 kwa lita, gawanya kwa sehemu ya udongo iliyojaa maji, tuseme 0.2, kisha ongeza 1. Jibu ni 4.75, maana yake kiuatilifu husafiri polepole kuliko maji mara 4.75. Ikiwa milimita 300 za mvua hupita chini ya mizizi kwa mwaka, maji hushuka mita 1.5 (300 gawanya kwa 0.2) na atrazini sentimita 32 hivi (1.5 gawanya kwa 4.75). Mita moja huchukua zaidi ya miaka 3, sawa na nusu-maisha 19, na kinachosalia hakifiki sehemu mbili kwa milioni.

Kwa hesabu hiyo kisima kiko salama. Hata hivyo, atrazini imepatikana mara nyingi katika maji ya chini ya ardhi huko Marekani na Ulaya, na mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiidhinisha tena.

Hatua ya 4: Tafuta njia za mkato. Mwagia udongo maji yenye rangi ya buluu, subiri siku moja, kisha chimba shimo pembeni na ulikwangue ukuta wake taratibu kwa kisu. Sisi tuliona sentimita chache za juu zimelowa sawasawa, na chini yake michirizi myembamba ya buluu ikifuata mashimo ya nyungunyungu na mizizi iliyooza, huku udongo wa kando ukiwa haujaguswa kabisa. Maji yanayopita humo hayakai na mboji kwa muda wa kutosha kunaswa. Tena, zile siku 60 zilipimwa kwenye udongo wa juu wenye vijidudu vingi. Chini ya mizizi vijidudu ni haba, na uozaji hupungua sana. Kwa hiyo, ukiona michirizi, usitegemee hatua ya 3 kutoa hukumu ya usalama.

Hatua ya 5: Pima maji ya kisima baada ya mvua kubwa ya kwanza tangu kupulizia, na urudie miezi kadhaa baadaye. Pampu kwanza maji yaliyotuama, jaza chupa ya kioo cheusi, na uiweke kwenye barafu. Iulize maabara mapema kama kifaa chake husoma chini ya mikrogramu 0.1 kwa lita, kiwango cha juu cha Ulaya kwa kila kiuatilifu katika maji ya kunywa, na uombe ipime pia desethili-atrazini, zao la kuoza kwake, ambalo nalo hushuka hadi majini.