Ripoti yako inaonyesha mauzo maradufu? Pitia hatua hizi kabla hujaituma

Juzi usiku mwenzangu mmoja tunayejifunza naye SQL (lugha ya kuuliza kanzidata) alinitumia kwiri, yaani swali la SQL, yenye mistari kumi na kitu, chini yake ujumbe mfupi: "Haileti kosa lolote, ila mauzo yamepanda kuliko hali halisi." Nikacheka, maana gonjwa hilo nililiugua mwenyewe. Miaka ya nyuma lilinikesha hadi alfajiri, na ripoti ilikuwa inasubiriwa saa mbili asubuhi. Huu ndio mtiririko tuliofuata. Hatua ya 4 ndiyo iliyokula muda.

Hatua ya 1: Sehemu ya kuchezea

Tumia SQLite, programu ndogo ya kanzidata. Kanzidata nzima ni faili moja, hakuna seva ya kuwasha, na ukivuruga unafuta faili unaanza upya. PostgreSQL, kanzidata kubwa yenye seva, utakutana nayo baadaye, na kwiri zote za hapa zitakubali kule. Zile programu za kuburuta visanduku halafu zikuandikie kwiri, ziweke kando kwanza. Zitakupa ripoti, lakini hutajua kama ni ya kweli.

Hatua ya 2: Data ya kuhesabika kwa vidole

Tengeneza majedwali matatu: oda, bidhaa_za_oda na malipo. Ingiza oda 3 tu.

- Oda 1: bidhaa mbili, ya 400 na ya 600. Imelipwa kwa awamu mbili, 500 na 500.
- Oda 2: bidhaa moja ya 300, imelipwa yote mara moja.
- Oda 3: bidhaa moja ya 700, haijalipwa kabisa.

Sasa chukua karatasi uandike majibu kabla ya kugusa kibodi: mauzo 2,000, malipo 1,300, deni 700. Usiruke hili. Data halisi yenye mistari laki mbili haiwezi kukwambia kama umekosea, ila hii itakwambia.

Hatua ya 3: Jedwali moja moja

SELECT (chagua safu), WHERE (chuja mistari), GROUP BY (kusanya kwa makundi), ORDER BY (panga kwa mfuatano): fanya mazoezi siku mbili tatu, zitakaa. Kumbuka tu kwamba SELECT unaiandika mwanzo lakini kimantiki haianzi yenyewe. Mpangilio ni FROM, WHERE, GROUP BY, HAVING, kisha SELECT, mwisho ORDER BY. Ndiyo maana ukitaka kuchuja kwa SUM (jumla), WHERE inagoma na HAVING, inayochuja makundi, inakubali.

Hatua ya 4: Kuunganisha majedwali

Kwiri ya mwenzangu, nikiipunguza, ilikuwa hivi (LEFT JOIN inaunganisha majedwali huku ikibakiza kila oda, hata isiyo na malipo):

```
SELECT o.id, SUM(b.bei) AS mauzo, SUM(m.kiasi) AS malipo
FROM oda o
LEFT JOIN bidhaa_za_oda b ON b.oda_id = o.id
LEFT JOIN malipo m ON m.oda_id = o.id
GROUP BY o.id;
```

Ukiitazama, haina tatizo. Iendeshe: oda 1 inatoka na mauzo 2,000 na malipo 2,000, wakati karatasi inasema 1,000 na 1,000. Ondoa GROUP BY na hizo SUM, weka b.bei na m.kiasi peke yake, kisha angalia oda 1. Utaona mistari minne. Kila bidhaa imekutanishwa na kila malipo: mbili mara mbili. Kanzidata haijakosea, imefanya ulichoiambia.

Ubaya wake ni kwamba jumla ya mauzo inakuwa 3,000 na ya malipo 2,300, ukitoa unapata 700. Deni liko sawasawa! Anayekagua deni pekee atapitisha ripoti hii bila wasiwasi. Mimi ndivyo nilivyopitisha yangu. Siku oda ikiwa na bidhaa tatu na awamu mbili, mauzo yatazidishwa mara 2 na malipo mara 3, hapo ndipo utaanza kusikia simu.

Wengi hukimbilia DISTINCT, inayoondoa marudio. Tafadhali usiipake juu ya kidonda. SUM(DISTINCT m.kiasi) kwa oda 1 inaleta 500, kwa sababu awamu mbili zinalingana na moja inatupwa. Mteja aliyemaliza kulipa unamgeuza mdaiwa.

Dawa ni kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye (WITH inatengeneza majedwali ya muda, hapa jb na jm):

```
WITH jb AS (
  SELECT oda_id, SUM(bei) AS mauzo
  FROM bidhaa_za_oda GROUP BY oda_id
),
jm AS (
  SELECT oda_id, SUM(kiasi) AS malipo
  FROM malipo GROUP BY oda_id
)
SELECT o.id, jb.mauzo, COALESCE(jm.malipo, 0) AS malipo
FROM oda o
LEFT JOIN jb ON jb.oda_id = o.id
LEFT JOIN jm ON jm.oda_id = o.id;
```

Kila upande sasa una mstari mmoja kwa kila oda, hakuna cha kuzidishana. COALESCE, inayoweka 0 palipo tupu, usiiache: oda 3 haina malipo, hivyo inaleta NULL (thamani tupu), na 700 kutoa NULL ni NULL. Yaani asiyelipa chochote ndiye deni lake litakalokuwa tupu.

Ukitaka malipo ya mwezi mmoja, weka sharti la tarehe ndani ya jm. Kwenye WHERE ya mwisho halitakubali, maana jm haina safu ya tarehe; na ukiunganisha malipo moja kwa moja ukaliweka huko, oda 3 inatoweka na LEFT JOIN yako imebaki jina tu. Na kama safu ya tarehe ina saa ndani yake, achana na BETWEEN (kati ya tarehe ya kwanza na ya 31), kwa sababu malipo ya tarehe 31 saa nane mchana yataachwa nje. Andika hivi:

```
WHERE tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01'
```

Hatua ya 5: Kagua

Endesha SELECT SUM(bei) FROM bidhaa_za_oda peke yake. Ikitofautiana na jumla ya ripoti, usitume.

Hatua ya 6: Toa faili

Kwenye sqlite3, dirisha la amri la SQLite: .headers on, .mode csv, .once ripoti.csv, kisha kwiri yako. Ukiifungua CSV hiyo (faili la maandishi lenye safu) kwa Excel, namba za simu zinazoanza na 0 zitapoteza hiyo 0, kwa hiyo ingiza safu hiyo kama maandishi.

Ukikwama

Unapoomba msaada kwa wenzako, tuma CREATE TABLE (amri ya kuunda jedwali), mistari michache ya INSERT (amri ya kuingiza data), kwiri yako, jibu ulilopata na jibu ulilotarajia. Usitume picha ya skrini. Picha siwezi kuikopi nikaiendesha.