Tengeneza filamu ndani ya GTA V bila kufyatua risasi

Mchana nahariri video za harusi hapa Tanga. Usiku natengeneza filamu ndani ya gemu ya kompyuta ya uhalifu iitwayo GTA V (Grand Theft Auto V), na ushauri wangu wa kwanza ni huu: achana na misheni na bunduki, mtafute mtu ambaye gemu yenyewe haina habari naye.

Kundi la Total Refusal la Austria lilifanya hivyo ndani ya Red Dead Redemption 2, gemu ya wachunga ng'ombe wa Marekani ya zamani. Filamu yao ya 2022, Hardly Working, inawafuata dobi, kijana wa zizini, mfagia barabara na seremala, watu waliowekwa pale kujaza mji tu. Ukiwakazia macho unaona kazi yao haiishi.

Mimi natumia GTA V ya kompyuta kwa sababu imekuja na Rockstar Editor, kifaa cha kurekodi na kuhariri ndani ya gemu yenyewe. Ingia kwenye mipangilio, zima ramani ndogo na maandishi ya kwenye kioo, shusha muziki hadi sifuri, bakiza sauti za mtaa. Nyimbo za redio ya gemu zina wenyewe, zinaweza kukufungia video YouTube.

Sasa nenda mitaa ya matajiri kama Rockford Hills, umtafute mtunza bustani mwenye mashine ya kupuliza majani. Simama karibu, usimguse, bonyeza F1 uanze kurekodi. Usiseme utamrudia kesho. Gemu huwaweka watu walio karibu nawe tu. Ukishaenda mbali anafutwa, na ukirudi utamkuta mwingine au humkuti mtu. Uzuri ni kwamba Editor inalichezesha tukio upya, nawe unahamisha kamera utakavyo. Tukio lilelile nalitoa mara tatu: kutoka ng'ambo ya barabara, mikononi kwa karibu, halafu chini, usawa wa viatu. Kamera haiendi mbali na mhusika wako, ndiyo maana nasema simama karibu.

Jihadhari na jua. Siku nzima ya Los Santos, mji wa gemu hii, ni dakika 48 zetu, yaani saa moja inapita kwa dakika 2. Vipande viwili vikipishana dakika 5, kivuli kimeshahama na mtazamaji atashtuka. Director Mode, sehemu ya gemu ya kupanga matukio, inakuruhusu kuchagua saa na hali ya hewa. Mimi huchagua mawingu, kwa kuwa maungio hayaonekani.

Kazi kubwa iko kwenye sauti. Mwaka 2001, katika filamu ya She Puppet, msanii wa filamu Peggy Ahwesh alimchukua Lara Croft, mhusika mkuu wa gemu ya Tomb Raider, akamwekea maneno ya mshairi wa Ureno Fernando Pessoa na wengine, na yule mwanamke wa kuruka na kupiga bastola akawa mtu mwenye mawazo yake. Mtunza bustani wangu nilimpa sauti ya mjomba akipiga simu nyumbani, anauliza mvua na ada ya watoto. Rekodi kwa simu tu, ila zima feni. Na sauti isieleze kinachoonekana: akipuliza majani, asiyataje majani.

Usikate haraka. Harusini nakata kila baada ya sekunde chache maana mteja anataka kila shangazi aonekane. Huku iache picha mpaka mtu aanze kuisikia ile mashine.

Kabla ya kuiuza au kuipeleka kwenye tamasha, soma masharti ya kampuni iliyotengeneza gemu. Filamu isiyo ya biashara mara nyingi haina shida, lakini pesa ikiingia, omba ruhusa kwa maandishi.